Siku Bei ya Ndengu Ilipoziba Hewa ya Tseikuru

Siku mliyoniaga kazini mlinipa saa ya ukutani na blanketi, na mmoja wenu akaniambia niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Blanketi nalitumia. Saa inakwenda mbele dakika saba na sijaigusa, kwa sababu mstaafu hana haja ya kurekebisha kitu ambacho hakimuumizi mtu. Mambo ya kazi nayo sijayasahau. Yako machache ningefurahi kuyasahau, na moja hasa, ambalo ndilo litakalokula karatasi nyingi hapa.

Ya vyeo na mshahara nayaruka. Vyeo vilikuwa viwili, fundi na fundi mkuu, na nilipokuwa fundi mkuu hakukuwa na fundi mwingine chini yangu.

Tena mjue kitu kimoja ndipo mengine yaeleweke. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikipanda gari hapa Tulia, kabla sijafika Kabati nimeshaanza kuhesabu saa za kurudi. Mke wangu, Mama Kioko, huwaambia wageni kwamba alidhani ameolewa na mwanamume, kumbe ameolewa na kiti. Karibu kila kitu nilichovumbua katika kazi yangu, nilikivumbua ili nisisafiri.

Niliajiriwa na zahanati za kanisa nitunze sola na friji za chanjo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, chenye alama ya fizikia ambayo sitaitaja mbele ya watoto, na mikono inayotetemeka ikiona waya usiofunikwa. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo wa stoo, mita ya kupimia umeme iliyozungushiwa utepe, na Mzee Nzioka.

Mzee Nzioka hakuwa mfanyakazi wetu. Alikuwa mwanajeshi mstaafu wa kikosi cha mawasiliano, mkazi wa milima ya Mbooni upande wa Makueni, na alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa. Hiyo ni redio ya watu waliopewa kibali na serikali kuongea hewani kwa kupenda tu. Hawalipwi na hawaruhusiwi kufanya biashara yoyote hewani, lakini mtu akiwa hatarini, kila mmoja wao ni mjumbe. Zahanati zetu za mbali hazikuwa na simu. Mzee alikuwa amewafundisha wauguzi na madereva mmoja mmoja mpaka wakafanya mtihani wa leseni kama yeye. Sasa ilikuwa zamu yangu.

Asubuhi hiyo yote aliniketisha mbele ya redio bila kuniruhusu niguse chochote. Nilipochoka nikamuuliza tunangoja nini. Akanionyesha kitufe cha maiki.

"Hiki ukikibonyeza, unasema," akaniambia. "Na ukisema, husikii. Watu wote wanaweza kuwa wanakuita saa hiyo na wewe hujui. Kwa hivyo kibonyeze kama mtu anayetembea peku penye miiba."

Jioni nilimweleza Mama Kioko kwamba nimepata kazi ya kunyamaza. Akasema kama ni hiyo, mshahara angelipa yeye.

Vifaa tulivyotumia mtavicheka. Kisu, tupa, mkebe wa kakao uliojaa skrubu, na tyubu kuukuu ya baiskeli. Tyubu hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Unaikata vipande vyembamba, unazungushia kwenye kiungio cha waya wa antena, unaivuta mpaka iume. Maji hayaingii. Tepe nyeusi ya dukani huachia jua likiipiga miezi miwili, na jua la kwetu mnalijua. Nimeona mafundi wenye shahada wakibadilisha redio nzima kwa kosa la tone moja la maji lililoingia kwenye waya. Sikuwaambia kitu, maana nilikuwa nimejifunza kazi ya kunyamaza.

Taabu yetu ilikuwa milima. Kutoka Mbooni kwa Mzee hadi kwangu Tulia, sauti ilipita vizuri kama mtu anayekuita ng'ambo ya bonde. Lakini Tseikuru iko mbali kule kaskazini, na kati yetu kuna vilima vingi visivyo na habari na shida za watu. Sista Kavutha, muuguzi wa zahanati ya huko ndani kupita senta yenyewe, alikuwa akisikika siku moja, siku tatu hasikiki. Na kila ambapo hakusikika, mimi nililala vibaya. Mtu asiyependa safari ana mawazo mengi kuhusu mahali asipokwenda.

Ndipo intaneti ya simu ilipofika, nasi tukaanza kujenga mageti. Geti ni redio moja na kompyuta ndogo ya ukubwa wa sabuni ya kipande, zimeunganishwa kwa waya wa sauti. Redio ikimsikia mtu wa karibu, kompyuta inaichukua sauti yake, inaisafirisha kwa intaneti, na redio za mageti mengine yote zinaitoa hewani huko ziliko. Sista anaongea Tseikuru, Mzee Nzioka anamsikia Mbooni akiwa na kikombe chake mkononi.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Laini ya simu iliyo ndani ya geti inaweza kubisha hodi kwa wengine, lakini yenyewe haibishiwi hodi, kwa sababu kampuni za simu haziipi laini ya kawaida mlango wa mbele. Dawa yake ni VPN. Ichukulieni kama kichochoro chenye ukuta pande zote: kila geti likiwaka linakimbilia humo lenyewe, na humo ndani yanafahamiana na kuitana bila mtu wa nje kusikia. Vichochoro vyote vilikutana kwenye kompyuta moja ya kukodi, iliyoko nchi ambayo sijui hata watu wake wanakula nini.

Mnaona uzuri wake? Kupitia kichochoro hicho niliweza kurekebisha geti la Tseikuru nikiwa kwenye kiti changu hapa Tulia, miguu ndani ya slipasi. Nilimshukuru Mungu hadharani kanisani. Mama Kioko akanikanyaga mguu, akidhani nimeanza kuhubiri.

Furaha hiyo haikumaliza msimu mmoja. Siku moja nilikuwa nakaza usalama wa geti la Tseikuru kutoka nyumbani. Nikaandika amri ya kuwafungia wageni wote mlango, nikabonyeza, na skrini ikaganda. Nilikuwa nimewafungia wageni wote, na mgeni wa kwanza alikuwa mimi. Geti hilo liko juu ya kilima panaposhika mtandao wa simu, saa nzima kwa miguu kutoka zahanati, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli kwa sababu ya nyani, na ufunguo wa kufuli ulikuwa kwangu. Nilisafiri siku mbili kwenda kuandika neno moja. Sista Kavutha alinipokea kwa bakuli la muthokoi na kicheko. Akasema ni vizuri nimekuja mwenyewe, maana watu wa huko walianza kudhani fundi wa redio ni sauti tu, hana mwili.

Tangu siku hiyo nikajiwekea kanuni mbili. Kwanza, mlango wa kuingilia kwenye ile kompyuta ya kukodi ukawa mmoja tu, kupitia kichochoro chenyewe, ili wezi wasipate wa pili. Pili, kila amri ya hatari niiwekee muda wa kujifuta: ikishindikana, baada ya dakika kadhaa mambo yarudi yalivyokuwa. Mzee Nzioka alisema ndivyo anavyofanya mtu anayeshuka kisimani, anajifunga kamba kwanza. Kanuni zote mbili ni nzuri, nami ninazisimamia. Ila nilijilinda mahali nilipowahi kuumia, nikasahau kwamba kuna mahali pengine.

Sasa niwaeleze habari ya kikomo. Geti likiwekwa bila kikomo, mtu mmoja akisahau kitufe kimebonyezwa anaziba mageti yote. Redio zote zinasema, kwa hivyo hakuna inayosikia. Mzee alitufundisha tuweke dakika tatu: mtu akipita dakika tatu mfululizo, geti linaacha kusafirisha sauti yake mpaka aachie kitufe. Tukaweka tatu.

Lakini kila siku saa mbili asubuhi tulikuwa na maitano. Kila kituo kinaitwa jina, kinaitika, kinasema kama kuna shida. Na kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa, maitano yalianza kwa sala, na sala ilikuwa ya Mzee Mutinda. Yeye ni mzee wa kanisa letu, ana duka la nafaka Kabati, na redio yake iko juu ya kaunta. Mzee Mutinda hawezi kumwomba Mungu kwa dakika tatu. Anaanza na mvua, anapita kwa mifugo, anaingia kwa viongozi, na akifika kwa wagonjwa ndipo sauti inapata moto. Geti lilimkata kila siku hapo kwenye wagonjwa. Watu wa Makueni, ambao hawana adabu, wakaanza kumalizia "amina" kabla hajakatwa, kwa kuangalia saa.

Alinilalamikia kwa upole. Akasema yeye haoni vibaya kukatizwa, ila anafikiria wagonjwa. Mama Kioko naye akaniuliza kama nimeajiriwa kumpimia Mungu dakika. Nikaongeza hadi tano. Zikawa chache. Nikaongeza hadi kumi. Siku ya mazishi ya mzee mmoja wa kanisa kumi nazo zikapita. Basi nikiwa kwenye kiti changu, chai mkononi, niliingia kwenye geti langu la Tulia, ambalo ndilo lililobeba sauti ya Kabati, nikakiondoa kikomo kabisa. Nilijiambia ni kwa wiki moja. Sikumwambia Mzee Nzioka.

Ilipita miezi kadhaa. Hakuna aliyelalamika tena, nami nikaanza kujiona mtu wa busara.

Asubuhi ninayotaka kuwaeleza, maitano yalimalizika vizuri. Sala ilikuwa ndefu, vituo vyote viliitika, Sista Kavutha akasema hana shida. Musyoka, dereva wa zahanati, akasema yuko na gari la chanjo huko Tseikuru ndani kabisa, upande usio na mtandao wa simu, na atarudi jioni. Nikapunguza sauti ya redio hadi chini ili nisikie taarifa ya habari, nikanywa chai. Nilikaa hivyo, nakiri, zaidi ya nusu saa.

Saa tatu na dakika kumi simu yangu ikaita mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa namba nisiyoijua. Nitauandika ulivyokuwa, kwa sababu bado ninao:

"Fundi, ni Kavutha. Natumia simu ya mtu wa boda. Hewa imezibwa na watu wanauza ndengu. Nina mtu ameumwa na nyoka akifungua zizi, mkono umevimba hadi kwapani. Musyoka hanisikii. Fungua hewa."

Niliusoma mara mbili kabla sijauelewa. Huko zahanati hakuna mtandao wa simu. Ili ujumbe huo unifikie, ilibidi mtu wa pikipiki aendeshe mpaka mahali panaposhika, kwa hivyo ulikuwa umezeeka njiani. Kumpigia Musyoka simu haikuwezekana. Kulizima geti la kilimani Sista hangeweza, ufunguo wa kufuli ulikuwa kwangu. Gari lilikuwa moja, na njia ya kuliita ilikuwa moja, nayo ilikuwa imejaa ndengu.

Nikaongeza sauti ya redio. Kweli, mwanamke alikuwa akibishana bei. Nyuma yake nilisikia gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, ikikwanguliwa ukingoni kwa fimbo, mtu akicheka, kuku. Sauti ilikuwa safi kabisa, hata niliona aibu kwa jinsi nilivyofanya kazi nzuri.

Niliwaza ni kituo gani. Nikawaza kituo cha mji wa Wote, kwa sababu wana maiki mbovu. Nikawaza Kibwezi. Nikawaza hata Tseikuru senta. Mjue jambo hili kuhusu fundi: kosa hulitafuta kuanzia mbali na nyumba yake. Hakukuwa na nafasi ya kupekua geti moja moja, maana kichochoro chenyewe kilikuwa kimejaa sauti, na kila herufi niliyoandika ilichukua pumzi mbili kutokea. Nikaamua kukata kila kitu. Nikizima VPN pale kwenye kompyuta ya kukodi, kila geti litabaki peke yake. Tseikuru haitasikia ndengu. Haitatusikia sisi pia, lakini Sista atamsikia Musyoka na Musyoka atamsikia Sista, na hao wawili ndio walihitajiana.

Ila mlango wangu wa kuingilia kwenye kompyuta hiyo ulikuwa ndani ya VPN hiyohiyo. Nikiizima, nimejifungia nje. Nikaandika amri na muda wa kujifuta. Nikaweka dakika arobaini, nikidhani nitahitaji zote kumtafuta mkosaji. Nilisoma mstari huo herufi kwa herufi kama mtu anayesoma hukumu yake. Mama Kioko alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, akaniuliza kuna nini. Nikabonyeza.

Mwangaza wa geti la Mbooni ukazimika kwenye skrini. Wa Wote, wa Kibwezi, wa Tseikuru. Yote yakazimika kama inavyotakiwa. Nikangoja redio yangu inyamaze.

Haikunyamaza. Mwanamke aliendelea kusema kwamba bei hiyo ni ya jana.

Nilikaa nikiitazama redio. Kichochoro kilikuwa kimekatwa, hakuna sauti ya mbali iliyoweza kunifikia. Kwa hivyo sauti hii haikuwa ya mbali. Ilikuwa inaingia kwa antena yangu mwenyewe, kwenye mlingoti nilioupanda kwa mikono yangu nyuma ya jiko. Ilipitia geti langu tangu mwanzo, geti pekee katika kaunti mbili ambalo halikuwa na kikomo.

Mama Kioko akasogea, akainamisha kichwa.

"Huyo si Mama Mutinda?" akasema. "Hivyo ndivyo anavyosema 'ya jana'."

Alichukua simu yake akampigia huyo mke wa Mzee Mutinda. Na sisi wawili tukaisikia simu ya Mama Mutinda ikilia ndani ya redio yangu, wimbo wa kwaya, karibu na gorogoro. Ililia mpaka ikakatika. Mama Kioko akapiga tena. Tukasikia mteja akisema kuna simu inalia, na Mama Mutinda akimjibu kwamba anayepiga hajafa, atangoja. Mara ya tatu akaichukua, na sauti yake ikatoka pande mbili. Mke wangu alimwambia kwa Kikamba, taratibu, kama mtu anayemshikisha mwenzake kitu cha moto, aangalie kilipo kile kidude anachoombea mzee. Tukasikia gunia likivutwa sakafuni. Kisha kimya. Maiki ilikuwa imeanguka kutoka kaunta na kubanwa kati ya ukuta na gunia la ndengu.

Nilitambaa nyuma ya meza nikachomoa waya wa geti langu. Waya mmoja, mweusi, unene wa kidole cha mtoto. Hayo ndiyo yote yaliyohitajika, tangu saa mbili na nusu. Ningeweza kuyafanya kwa slipasi zangu.

Lakini VPN nilikuwa nimeizima dakika arobaini na hakuna mlango wa kuingilia. Zilikuwa zimebaki thelathini na moja. Sikuweza kumsikia Sista. Sikuweza kujua kama alikuwa bado anajaribu, au alichoka akaenda kwa mgonjwa, au kama Musyoka alizima redio kwa kuchoshwa na bei za ndengu, jambo ambalo hata mimi ningelifanya. Niliijibu ile namba ya boda boda. Ujumbe haukufika. Nilipiga. Mteja hapatikani.

Nimefanya kazi na umeme, radi imepiga mlingoti nikiwa nimeushika mguu wake, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikiwa nimekaa kwenye kiti changu nyumbani kwangu. Mama Kioko aliketi kwenye stuli, akaweka kile kitambaa kwenye mapaja, akaangalia skrini ambayo haijui kuisoma.

Zilipotimia, Mbooni ikawaka kwanza. Halafu geti la Wote. Tseikuru ilichelewa dakika nyingine nne. Nikachomeka waya, nikarudisha kikomo, nikabonyeza kitufe na kuita Tseikuru. Nikaachia. Nikaita tena. Mara ya tatu Sista Kavutha akaitika, sauti yake imekauka kama ya mtu aliyekuwa akipiga kelele.

Alisema hewa ilipofunguka alimpata Musyoka kwa wito wa kwanza. Gari lilikuwa limefika, limemchukua mgonjwa, limeshaondoka naye kuelekea hospitali ya Mwingi. Alisema mtu huyo anaitwa Mwangangi na bado anaongea.

Kisha akauliza, na kila kituo kilikuwa kinasikiliza: "Ni nani alikuwa anauza ndengu?"

Mtu wa Makueni akacheka, akasema labda ni sala imeongezwa sehemu ya matangazo. Wengine wakaingia, wakamtaja Mzee Mutinda kwa jina. Ningeweza kuwaacha. Maiki ilikuwa yake, gunia lake, mke wake. Nilishika kitufe nikiwa bado sijajua nitasema nini.

"Hapa Tulia," nikasema. "Maiki ikibanwa dukani si kosa la mwenye duka. Geti langu lilipaswa kumkata baada ya dakika tatu. Mimi nilitoa kikomo, miezi iliyopita, na sikumwambia mtu."

Nikaachia kitufe. Mzee Nzioka alisema kutoka Mbooni kwamba amesikia, na kwamba maitano yafungwe, hewa iachiwe Tseikuru. Hakunisema siku hiyo. Hakunisema hata baadaye, jambo ambalo lilinisumbua zaidi.

Mwangangi aliishi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatwa, na sehemu ya kiganja. Sikumuuliza daktari kama saa ile moja ndiyo iliyovichukua. Niliogopa atajibu.

Alipotoka hospitalini nilisafiri kwenda kumwona. Mama Kioko alinifungia chapati na hakutania, ndipo nikajua ni safari ya kweli. Nilimkuta kwake, ng'ambo ya zahanati, ameketi karibu na zizi akiwatazama mbuzi ambao sasa walikuwa wanafunguliwa na mke wake. Alipoona mgeni aliinuka. Akanipa mkono wa kushoto, akaniomba radhi kwa kunisalimia hivyo.

Nikaupokea mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikaketi chini, nikamweleza kwa Kikamba tangu mwanzo: redio ya kilimani, kitufe, sala, kikomo, waya mweusi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akauliza kitu kimoja tu, kwamba siku hizi mtu akiumwa itakuwaje. Nikamwambia sasa geti linanyamaza lenyewe baada ya dakika tatu.

Akaulaza ule mkono mwingine gotini.

"Dakika tatu ni nyingi," akasema.

Nilipofika nyumbani niliweka mbili, kwenye mageti yote. Mzee Mutinda aliambiwa, akakubali. Mkizikuta mbili, msiziguse.